Mkono unatetemeka nikimchoma mtoto sindano. Wauguzi mliotangulia, nisaidieni

Nesi Mpya Kilolo
Jumatano, saa 3:40 usiku

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za leo.

Mimi ni muuguzi, nimemaliza diploma na nimepangiwa zahanati moja huku Kilolo milimani. Huu ni mwezi wa tatu. Tuko watatu tu: mganga mfawidhi, mimi, na mhudumu mmoja. Chuoni nilifaulu vizuri, na kwenye mafunzo ya vitendo nimechoma watu wazima wengi mno, mkono haukuwahi kunisumbua. Kwa watoto ndiko ninakokwama.

Jumatano ni siku yetu ya kliniki. Kina mama wanaanza kufika ukungu haujapanda, wengine wametembea saa mbili, watoto wamefungwa sweta, blanketi, kofia ya kufuma, na kitenge juu ya vyote. Leo alikuja mtoto wa wiki 14. Mnaijua wiki 14: matone, halafu sindano tatu siku hiyohiyo. Penta, ile chanjo moja ya magonjwa matano, paja la kushoto, ya nimonia paja la kulia, na ile ya polio ya kuchoma hukohuko kulia. Penta ndiyo nilianza nayo. Mama alikuwa amempakata, amemshika kiunoni, miguu iko huru. Nikachoma kwa kusitasita, mtoto akarusha mguu, sindano ikatoka. Nikaona chanjo inatiririka kwenye paja na tone la damu juu yake. Sikujua imeingia kiasi gani. Nilisimama pale na bomba mkononi, vidole vinatetemeka mpaka kila mtu kwenye benchi akaona.

Mfawidhi alikuja taratibu, akachukua nafasi, akamchoma dozi nyingine kamili na kumaliza zile mbili. Hakunisema mbele za watu na namshukuru kwa hilo. Mama yule naye hakusema neno. Alimfunika mtoto wake kitenge, akachukua kadi, akaenda kukaa mbali na mlango. Hilo ndilo linaloniuma mpaka saa hii. Angenigombeza ningejisikia afadhali.

Naomba msaada wa vitu vya kweli, siyo kuambiwa nitazoea. Mtoto anayerusha miguu anashikwaje, na nani amshike wakati tuko watatu na mmoja yuko dirisha la dawa? Je, kurudia ile dozi kulikuwa sawa, au mtoto amepata dawa nyingi? Nivute bomba nyuma kuangalia damu au nisivute? Mwalimu mmoja alituambia tuvute, mwingine akasema tuache. Na huu mkono nifanye nini nao? Jumatano ijayo nina watoto wengine, na yule wa leo namtegemea arudi miezi tisa kwa surua. Sitaki mama yake ageuke njiani akiniona.

---

Kijana wa Ipogolo
Jumatano, saa 4:05 usiku

Pole dada. Mimi si muuguzi ila nimekulia dukani kwa dawa. Kwa nini msiwachome kwenye makalio? Pana nyama nyingi, na mtoto akilala kifudifudi miguu hairushi. Zamani wote tulichomwa huko.

---

Bibi Nesi
Alhamisi, saa 12:20 asubuhi

Marahaba mwanangu. Nimeamka kusoma hili kabla sijawasha jiko.

Nimestaafu. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka 31, nikaanzia Makete na kumalizia Iringa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa chumba cha chanjo na wodi ya watoto. Nianze na huyu kijana wa Ipogolo, kwa sababu jambo alilolisema kwa nia njema ndilo lililonitoa machozi mara nyingi kuliko yote kazini.

Kijana wangu, ndiyo, zamani tulichoma makalio. Na zamani nimepokea watoto wanaoburuza mguu. Namkumbuka mmoja wa miaka mitatu hivi, mama yake alimleta mgongoni kutoka mbali. Alikuwa amechomwa kwinini kwenye kitako wiki mbili nyuma, mahali pengine, malaria ikapona, mguu ukabaki unaning'inia kuanzia kwenye kifundo. Kwenye kitako unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka mguuni, na kwa mtoto mdogo nyama ya hapo ni nyembamba, kwa hiyo sindano ikikosea kidogo tu inaugusa. Nyama nene ya mtoto ambaye bado hajaanza kutembea iko kwenye paja. Yule mtoto alikuja kutembea, lakini alitembea akiinua goti juu kama anavuka mfereji. Mtoto mchanga, mtoto wa kunyonya, mtoto wa mwaka: paja, upande wa mbele kwa nje. Kitako sahau.

Sasa turudi kwako, mwanangu wa Kilolo.

Mkono wako hauna ugonjwa. Nimefundisha wasichana na wavulana wengi waliokuja na mkono wa namna hiyo, na karibu wote tatizo lilikuwa moja: walianza kuwaza juu ya sindano wakati mtoto bado hajashikwa. Ukimkaribia mtoto ambaye miguu iko huru, akili yako inajua kwamba atarusha, ndiyo maana mkono unasita. Ukimkaribia mtoto aliyeshikwa sawasawa, mkono wenyewe unatulia. Kwa hiyo shughulika na mshiko kwanza, na bomba liache mezani, kwenye trei, mpaka mshiko ukamilike.

Mshiko wa mtoto wa wiki 14 hauhitaji mtu wa tatu. Mama mwenyewe ndiye msaidizi wako, na ndiye bora kuliko mhudumu. Mkalishe kwenye kiti chenye egemeo, siyo benchi. Mtoto akae pajani kwake kiubavu, kifua cha mtoto kikigusa kifua cha mama. Mkono mmoja wa mtoto, ule wa upande wa mama, upite kwapani kwa mama uende nyuma ya mgongo, kama anamkumbatia. Mkono wa mama uzunguke mgongo wa mtoto na kuushika ule mkono mwingine wa mtoto. Miguu ya mtoto mama aibane katikati ya mapaja yake, au aishike kwa mkono wake uliobaki, juu kidogo ya magoti. Mwambie mama: mshike kama unavyomshika akiwa amesinzia kwenye gari la Kitonga. Ataelewa mara moja. Halafu mfanye ajaribu, wewe ukiwa huna kitu mkononi. Gusa paja. Mtoto akirusha mguu, rekebisha. Akitulia, ndipo uchukue bomba.

Na kama mtoto ananyonya, mwache anyonye. Aanze kabla hujachoma, aendelee wakati unachoma. Utashangaa. Wengine wanalia sauti moja, wanarudi kwenye titi.

Mahali pa kuchoma: gawa paja mafungu matatu kutoka nyonga mpaka goti, uchukue fungu la katikati, upande wa nje kwa mbele. Huku kwetu kina mama wanapenda kupandisha suruali ya sufu mpaka mahali inapokwama na kusema nesi choma hapohapo. Usikubali. Inapokwama ni karibu na goti. Vua mguu mmoja wote, uone paja lote kwa macho, huo mwingine mwache umefunikwa asipate baridi. Sindano iingie wima, nyuzi 90, kwa mwendo mmoja. Umewahi kushona blanketi zito? Ukisukuma sindano polepole inakwama na kukunja kitambaa, ukiipitisha mara moja hata blanketi halijui. Ngozi ya mtoto ni hivyohivyo. Unayemwonea huruma kwa kwenda polepole ndiye unayemuumiza zaidi.

Kuvuta nyuma: kwa chanjo za pajani na begani usivute. Hapo hapana mshipa mkubwa wa damu, na kule kuvuta kunaongeza sekunde za sindano kukaa ndani, sindano inacheza, mtoto anaumia. Shirika la Afya Duniani lilishasema hivyo mwaka 2015. Mwalimu wako aliyesema mvute alifundishwa kama nilivyofundishwa mimi, nami nilivuta kwa miaka mingi kabla ya kuacha.

Ukitoa sindano, gandamiza pamba kavu bila kusugua. Tena mwambie mama asisugue nyumbani, asikande, asipake kitu.

Siku ya sindano tatu, anza na matone, kwa sababu mtoto anayelia hamezi vizuri. Halafu Penta kushoto. Ya nimonia ndiyo inayouma, wengi wanakubaliana hivyo, basi iache nyuma. Zile mbili za paja la kulia ziachane sentimita mbili na nusu, upana wa vidole viwili hivi, ili pakivimba ujue ni ipi. Mama mwambie mapema kwamba ni tatu. Mama akiambiwa baada ya ya kwanza kwamba bado mbili, anaona amedanganywa, na mshiko wake unalegea.

Kuhusu dozi iliyomwagika, mfawidhi wako alifanya sawa. Chanjo ya kuchoma ikitoka na hujui imebaki kiasi gani, haihesabiwi, inarudiwa siku hiyohiyo. Kile kidogo kilichoingia mwanzo hakimdhuru, labda paja livimbe kidogo zaidi. Ila liandikwe kwenye rejesta, na mama aambiwe. Hili la kuambiwa mama sijaliona kwenye maelezo yako. Kama hakuambiwa, yule mama amekaa mbali na mlango kwa sababu hajui mtoto wake amefanywa nini. Ameona dawa inamwagika, ameona mtu mwingine anachoma tena palepale. Mwanangu, mtafute. Tuma ujumbe kwa mhudumu wa afya wa kijijini kwake, au mpigie mama mwenyewe, namba yake ipo kwenye rejesta. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe.

Na mikono yako, ipashe moto. Makete mwezi wa sita majani yanaamka na barafu nyeupe, na sisi tulikuwa tunaweka kikombe cha chai ya moto pembeni, siyo cha kunywa tu. Mkono wa baridi ukigusa paja, mtoto anaruka kabla hata ya sindano, na vidole vyako vyenyewe vinakuwa kama vya mtu mwingine. Huenda nusu ya huko kutetemeka ni baridi ya Kilolo. Ila nawa kwanza, kisha kausha, kisha pasha.

---

Tabibu wa Bonde
Alhamisi, saa 7:15 mchana

Bibi ametupa darasa. Mimi niongeze upande ambao haujaulizwa lakini utakufikia, maana Kilolo ina milima na ina bonde. Huko juu malaria ni chache, lakini watoto wanapanda kutoka Ruaha Mbuyuni kuja kwa bibi zao, na siku moja usiku utaletewa mwenye degedege na mfawidhi yuko safarini. Hapo mshiko peke yake hautoshi, pana hesabu.

Mpime uzito. Usikisie, usiulize umri ukakadiria, hata kama mama analia na unatamani kuanza mara moja. Artesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni mg 3 kwa kila kilo, kuanzia kilo 20 kwenda juu ni mg 2.4. Watu wanashangaa kwa nini mdogo anapewa zaidi kwa kilo, lakini ndivyo mwili wake unavyoitumia. Kichupa kina mg 60. Unakiyeyusha kwa ile ml 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nayo, unatikisa mpaka iwe angavu kama maji. Ikibaki na ukungu, itupe. Halafu hapa ndipo watu wanapokosea: ukitaka kuchoma msuli unaongeza maji ya chumvi ml 2, na kila ml moja inakuwa na mg 20. Ukitaka kupitisha kwenye mshipa unaongeza ml 5, kila ml inakuwa na mg 10. Mtoto wa kilo 12 anahitaji mg 36. Kwenye msuli ni ml 1.8, kwenye mshipa ni ml 3.6. Ukichanganya kwa njia moja ukachoma kwa hesabu ya nyingine, umempa nusu au umempa mara mbili. Ya msuli nenda paja la mbele, mimi huigawa mapaja mawili. Iliyoyeyushwa itumike ndani ya saa moja. Ukishampa ya kwanza, mpe rufaa, usikae naye.

Kingine ni jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, ya watoto wachanga. Vichupa vinafanana, vyote vya ml 2, kimoja kina mg 20 na kingine mg 80. Tuseme mtoto ameandikiwa mg 15. Kwa kichupa cha mg 20 ni ml 1.5. Kwa cha mg 80 ni chini kidogo ya ml 0.4. Muuguzi aliyezoea kuvuta ml 1.5 akiletewa boksi jipya bila kusoma, amempa mg 60, mara nne. Dawa hiyo inaharibu figo na masikio. Kwa hiyo usikariri ml, kariri mg, na ml uzitafute upya kila siku ukiwa umeshika kichupa. Andika hesabu kwenye karatasi, mpe mtu mwingine asome kwa sauti. Kama uko peke yako usiku, nipigie mimi au tabibu yeyote, tutasomeana kwenye simu. Nimepigiwa saa 8 usiku kwa ajili ya ml 0.4 na sikununa.

---

Nesi wa Baridi (Makete)
Alhamisi, saa 2:50 usiku

Niongeze kuhusu chanjo yenyewe kabla haijafika kwenye bomba, maana unaweza kuchoma kwa mkono wa dhahabu ukawa unachoma maji.

Sisi wa nyanda za juu tuna ugonjwa wa kudhani baridi ni rafiki wa chanjo. Chanjo inataka nyuzi 2 mpaka 8, na ikishuka chini ya hapo ikaganda, Penta na ya nimonia na ile ya polio ya sindano zinaharibika moja kwa moja, hata ikiyeyuka ionekane nzima. Kiashiria cha rangi kwenye kichupa kinakuonyesha joto tu, kuganda hakikuonyeshi. Siku ya kutoka kwenda vijijini usipakie barafu iliyotoka kwenye friza sasa hivi. Iache nje mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Na kipimajoto cha friji kisome asubuhi na jioni, hata Jumapili.

BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na surua zinakuja poda, zina maji yake ya kuyeyushia, ya kiwanda hichohicho. Usitumie maji mengine hata kama yanafanana. Mwaka 2018 kule Samoa watoto wawili walikufa kwa sababu poda ya chanjo ilichanganywa na dawa ya kulegeza misuli iliyokwisha muda badala ya maji yake. Wazazi wakaogopa chanjo, na mwaka uliofuata surua ikaingia ikaua watu 83, wengi watoto wadogo. Sikuambii ili mkono uzidi kutetemeka. Nakuambia ili usiweke kichupa chochote kisicho cha chanjo kwenye friji ya chanjo, na mtu akikuletea insulini ya babu yake umwekee, umkatalie kwa upole. Ikishayeyushwa, mwisho ni muda wa saa 6 tangu kuyeyushwa au kliniki ikiisha, kinachotangulia. Andika saa kwenye kichupa.

BCG ni ml 0.05 kwa mtoto mchanga, bega la kulia, ndani ya ngozi, sindano karibu ilale. Ukiona kipele cheupe kimeinuka kama ganda la chungwa, umepata. Surua-rubela ni bega la kushoto, chini ya ngozi, ukiinamisha nyuzi 45.

Halafu wewe mwenyewe. Ukishachoma, usirudishe kifuniko, sindano iende moja kwa moja kwenye sefti boksi, lile la kutupia sindano, na boksi liwe karibu na mkono wako, siyo ng'ambo ya chumba. Likifika robo tatu lifunge. Mtoto anayerusha miguu ndiye anayefanya sindano ikuchome wewe. Ikitokea, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usimwagie jiki wala spiriti, toa taarifa saa hiyohiyo uanze dawa za kinga ya VVU. Mwisho ni saa 72 lakini usisubiri hata saa 3, na unazimeza siku 28. Utafiti wa taifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, na hakuna mikoa iliyozidi yetu hii. Hakuna aibu katika kuripoti. Mimi nimeshameza zile siku 28, ziliisha salama.

---

Mama wa Mapacha, Mafinga
Ijumaa, saa 3:10 asubuhi

Mimi ni mzazi tu. Nimesoma yote nimeguswa na yule mama aliyekaa mbali na mlango, kwa sababu nimewahi kuwa yeye.

Wanangu walipokuwa wadogo, nesi mmoja alimchoma mmoja, mtoto akalia kuliko kawaida, nikauliza ni nini, nikajibiwa "mama shika mtoto vizuri." Basi. Nikarudi nyumbani nikimpima homa kila saa, mguu nikiuangalia usiku kwa tochi. Hakuwa na kitu. Ila mwezi uliofuata nilimwomba mama mkwe awapeleke yeye, mimi sikuwa na nguvu za kurudi chumba kile.

Baadaye alikuja nesi mwingine, kijana tu. Kabla ya kuchoma alikuwa anasema: mama, leo ni mbili, ya pili inauma zaidi, usiku anaweza kupata homa, ukiona amelegea au hanyonyi mlete hata kama ni saa 9 usiku. Halafu anasubiri umjibu. Nilikuwa namwona mikono inatetemeka kidogo. Sikujali hata mara moja. Alikuwa akituambia tukae nje nusu saa kabla ya kuondoka, na alikuwa anatoka kutuangalia kweli, mmoja mmoja.

Dada yangu, mpigie huyo mama.

---

Kijana wa Ipogolo
Ijumaa, saa 4:00 asubuhi

Bibi nimekuelewa, asante. Kwetu yupo kaka mkubwa anayetembea hivyohivyo, kama anavuka mfereji. Tuliambiwa ni polio. Leo nimemuuliza mama, kasema kabla ya sindano alikuwa anakimbia.

---

Bibi Nesi
Ijumaa, saa 4:30 asubuhi

Pole sana mwanangu. Msalimie kaka yako.

---

Nesi Mpya Kilolo
Jumatano iliyofuata, saa 2:15 usiku

Wakubwa zangu, nimerudi.

Ijumaa jioni nilimpigia yule mama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikaishia kutoyasoma. Nilimwambia sindano ilitoka, chanjo ikamwagika, ikabidi irudiwe, na kwamba ni mimi niliyechoma kabla mtoto hajashikwa. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hamkumchoma dawa nyingine?" Siku mbili nzima alikuwa anadhani tulikosea dawa, tukamchoma dawa ya kuiondoa ile ya kwanza. Bibi, ulisema hajui mtoto wake amefanywa nini, na ilikuwa hivyo kabisa. Nilimweleza mara mbili. Mtoto hajambo, uvimbe ulishuka Jumamosi, alinitumia ujumbe mwenyewe.

Leo tulikuwa na watoto 19. Nilitoa benchi nikaweka kiti cha ofisini kwa mfawidhi, yeye akakaa kwenye kreti la soda. Chai ilikuwa pembeni. Wa kwanza nilimshikisha mama mara tatu kabla sijaridhika, foleni ikanung'unika kidogo, ila baada ya watoto watano kina mama walioko kwenye foleni walikuwa wameshaona, wanakaa wenyewe kwa mshiko ule. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu aliwaelekeza wenzake kwa Kihehe, nikamuelewa nusu. Wawili walichomwa wakiwa wananyonya, na mmoja hakuliachia titi kabisa.

Mkono ulitetemeka kwa wale wawili wa kwanza. Baada ya hapo sikumbuki, maana nilikuwa naangalia magoti.

Tabibu, nimebandika hesabu zako ndani ya mlango wa kabati la dawa na mfawidhi amezikagua. Dada wa Makete, tumekuta kichupa cha dawa ya macho kwenye friji ya chanjo. Kimetoka.

Nina swali moja lililobaki. Watoto wa mwaka na nusu. Leo wa surua ya pili aliniona tu na gauni jeupe, akamshika mama yake shingoni, akapiga kelele mpaka akatapika. Anajua kila kitu huyo, hawezi kudanganywa na titi. Nimemchoma, imeingia sawa, lakini alinitazama mpaka anatoka mlangoni.

---

Bibi Nesi
Jumatano, saa 3:05 usiku

Vua gauni, mwanangu. Jumatano ijayo vaa sweta lako juu yake, utoke nje kwenye benchi kabla hujaanza, ukae na hao wakubwa dakika tano bila kitu mkononi. Mpe mmoja boksi tupu la bomba achezee. Ukimwita ndani usimwambie haitauma, mwambie itauma kidogo, tuhesabu pamoja mpaka tatu. Kisha mama amkumbatie kama nilivyosema, akiwa amekaa wima, asilazwe, wakilazwa ndipo wanapoogopa zaidi. Bega la kushoto, na ukimaliza ondoka wewe mbele ya macho yake ili abaki na mama yake.

Huyo wa leo atakusamehe. Akija kupimwa uzito mwezi ujao, mpokee wewe, na siku hiyo usiwe na sindano.

---

Nesi Mpya Kilolo
Jumatano, saa 3:20 usiku

Asante bibi. Tarehe yake ya kupimwa uzito nimeshaiandika.